Punda Mzee na Haki Yake Juu Yetu

Kisa kilichotufanya tushike kalamu leo ni kidogo, na huenda baadhi ya wasomaji wetu wakaona kwamba hakistahili safu hii. Katika shehia moja ya visiwa vyetu, ambayo hatutaitaja kwa kuwa watu wake si wabaya kuliko watu wa shehia nyingine yoyote, punda mmoja mzee alikutwa asubuhi ya Jumatatu amelala kando ya barabara. Mguu wake wa nyuma ulikuwa umevunjika, kwa dalili zote kwa kugongwa na gari usiku. Alikaa pale hadi Jumatano jioni, jua likimwakia, watoto wakipita kwenda chuoni na skuli na kurudi, mpaka alipokufa mwenyewe.

La kushangaza ni kwamba hapakuwa na mtu aliyekataa kuja. Sheha alifika, akasema mnyama ana mwenyewe, na mali ya mtu haiamuliwi na sheha. Mwenyewe akatafutwa akapatikana. Akaeleza kwamba punda yule alikwisha kumwachia mwaka mzima uliopita, alipoona hana tena nguvu za kukokota gari, na kwa hiyo hakuwa wake tena. Bwana mifugo alifika Jumanne, akamkagua, akasema mguu hauungiki na kwamba angeweza kumpumzisha kwa sindano iwapo mwenye mali angeridhia. Hapo mzee yule, ambaye dakika chache kabla alikuwa amemkana punda, akasema kwamba dini haimruhusu kumuua. Ustadhi wa chuo cha jirani akaulizwa, naye akajibu kwamba ndivyo ilivyo kitabuni. Wote wakatawanyika. Mtoto mmoja wa chuo, ambaye hakuulizwa na mtu, ndiye aliyekuwa akileta maji kwa kopo.

Nasi wa safu hii tulipita pale mara mbili. Tulisimama, tukasikitika, tukaenda zetu mkutanoni. Hilo tumeona tuliseme mwanzoni, ili isidhaniwe kwamba tunaandika kwa kuwanyooshea wengine kidole.

Katika visiwa hivi punda si pambo. Kabla ya lori kuweza kuingia katika vijia vyetu, na hata sasa mahali ambapo lori haliingii, mchanga, matofali, makuti, maji na magunia ya mkaa yamefika kwa mgongo wa punda au kwa gari lake. Wako watu wazima leo, wengine maofisa wenye kalamu na muhuri, waliosomeshwa kwa fedha zilizopatikana kwa gari la punda la baba zao. Na tunaongeza bila ya kuona haya kwamba matofali ya majengo si machache ya Chama chetu yalifikishwa na mnyama huyu, ambaye hajawahi kualikwa katika ufunguzi wake.

Siku hizi pikipiki za magurudumu matatu zimeanza kushika nafasi yake. Hatuna ugomvi na maendeleo. Lakini matokeo yake ni kwamba punda wengi zaidi wanamaliza kazi kabla ya kumaliza umri. Punda anayetunzwa vyema huweza kuishi miaka 30 na zaidi. Wa kazi ngumu na lishe duni hafiki huko, lakini naye huweza kuishi miaka kadhaa baada ya magoti kukataa mzigo. Swali la miaka hiyo kadhaa ndilo tunalotaka lijibiwe.

Jibu la sasa ni kumwachia. Neno lenyewe ni zuri, kana kwamba ni kumpa uhuru. Kwa hakika ni kumtoa bandani na kumfungia mlango. Punda wa mjini huishia jaani, akila mifuko ya plastiki pamoja na maganda. Wa shamba huishia katika vipando vya watu, akipigwa mawe. Meno yake yamekwisha, kwa hiyo majani anayoyatafuna huyadondosha mdomoni yakiwa madonge, na mpita njia humwona anakula kumbe hamezi. Kwato zisizopunguzwa hurefuka na kupinda mbele kama ncha ya kiatu cha zamani, mpaka kila hatua ikawa ni adhabu.

Tatizo jingine ni kwamba punda hasemi. Ng'ombe akiumwa hulia, mbuzi hupiga kelele mtaa mzima ukajua. Punda ameumbwa kustahimili, na wataalamu wa wanyama wanatuambia kwamba huficha maumivu hata pale farasi angekuwa anagaragara chini. Dalili zake ni ndogo: masikio yamelegea, kichwa kimeinama, anahamisha uzito kutoka mguu huu kwenda ule, anajitenga na mwenziwe, anaacha chakula. Hili la mwisho ni la hatari kubwa, kwani punda asiyekula kwa siku chache tu, hususan aliyenenepa au mwenye mimba, mafuta ya mwilini humiminika katika damu yake na ini likaharibika. Mwenye gari husema, "Leo amenuna." Hakununa, anaumwa.

Wenzetu wa Lamu, ambao mji wao wa kale unategemea punda kuliko mji wowote wa pwani hii, walipata zahanati ya punda mwaka 1987. Ilifunguliwa na jumuiya ya Kiingereza ya kuwahifadhi punda iliyoanzishwa na Bibi Elisabeth Svendsen mwaka 1969, na kwa miaka mingi wenye punda wamepeleka wanyama wao kutibiwa vidonda, kupunguzwa kwato, kupewa dawa za minyoo. Tunaitaja si kwa sababu tunapenda kungojea Wazungu waje watufundishe huruma. Tunaitaja kwa sababu inathibitisha kwamba katika kisiwa kama chetu, chenye watu kama sisi na mifuko kama yetu, jambo hili lawezekana.

Sasa tuje katika tiba. Msomaji atasema kwamba mnyama mzee hana tiba, kwa kuwa uzee hautibiki. Ni kweli uzee hautibiki. Maumivu yake yanatibika. Na fani hii, ya kumtuliza mnyama ambaye haponi, imekuwa tawi kamili la elimu ya madaktari wa mifugo ulimwenguni. Msingi wake ni mambo ya kawaida mno: majani laini yaliyokatwakatwa, pumba zilizolowekwa, maji safi yaliyowekwa karibu ili asiyafuate, tandiko nene la majani makavu, kivuli, kwato zilizopunguzwa, na mwenziwe mmoja wa kusimama naye. Juu ya hayo huja dawa za kupunguza maumivu. Hapa tunawakumbusha mabwana mifugo jambo ambalo wao wanalijua na wenye punda hawalijui: mwili wa punda huitoa dawa ya fenilbutazoni haraka kuliko mwili wa farasi, na hivyo dozi ya farasi, itolewayo kwa nafasi za farasi, humwacha punda anaumwa nusu ya siku. Punda si farasi mdogo.

Na kwa kuwa tumefika kwenye dawa, tusiwasahau paka, ambao hakuna nyumba ya kisiwani isiyokuwa nao. Wapo wanaompa paka mgonjwa kipande cha Panadol kwa nia njema kabisa. Mwili wa paka hauna uwezo wa kuisaga dawa ile, na kidonge kimoja chatosha kumuua, tena kwa kifo kibaya. Paka mzee anayekunywa maji mengi na kukonda, mara nyingi figo zake ndizo zinazochoka. Apelekwe kwa daktari, na kama daktari hayupo basi apewe maji tele na chakula laini, aachwe alale mahali penye joto. Panadol abakie nayo mwenye nyumba.

Ipo tiba nyingine ambayo hatuna budi kuizungumza kwa urefu kidogo, kwa kuwa ni ya upole, gharama ya vifaa vyake ni ndogo, nayo si ngeni kwetu kama inavyodhaniwa. Nayo ni sindano za Kichina.

Watu wa visiwa hivi wamezijua sindano hizi tangu madaktari wa China walipoanza kuja mwaka 1964, mwaka ule ule wa Mapinduzi, na tangu hapo wamekuwa wakija kwa zamu kutoka jimbo la Jiangsu. Lakini ni wachache wanaojua kwamba huko zilikotoka, mnyama amechomwa sindano kwa karne nyingi kama binadamu. Mwaka 1608, katika dola ya Ming, ndugu wawili wa ukoo wa Yu waliandika kitabu kikubwa cha tiba ya farasi ambacho wataalamu wa Kichina wanakitegemea hata leo. Farasi alikuwa jeshi, na dola isingeweza kuacha jeshi lichechemee. Kutoka huko elimu ikatapakaa. Mwaka 1974 madaktari wa mifugo wa Marekani wakaunda jumuiya ya kimataifa ya tiba hii, na leo inafundishwa katika mabara mengi.

Kazi yenyewe si ya mazingaombwe. Sindano ni nyembamba kama unywele mnene, ya chuma kisichoshika kutu, haina tundu wala haitii dawa mwilini. Daktari huipenyeza katika sehemu maalumu, nyingi zikiwa karibu na mishipa ya fahamu au mahali misuli inapokutana, akaiacha kwa muda wa dakika kumi hadi ishirini au zaidi kidogo, kisha akaichomoa. Kwa mnyama mwenye maumivu ya kiuno ipo sehemu juu ya mgongo, pale uti wa kiuno unapokutana na mfupa wa nyonga, ambayo Wachina huiita Baihui, yaani mikutano mia. Wanyama wengi hutulia. Wengine huinamisha kichwa wakasinzia. Asiyetulia haachwi alazimishwe, kwani tiba inayohitaji kamba na mateke si ya upole tena. Wala haichomwi juu ya kidonda, wala juu ya uvimbe wa saratani, na mwenye mimba huangaliwa kwa hadhari.

Kwa nini inatuliza? Mwaka 1976 Profesa Bruce Pomeranz wa Toronto na mwenzake waliwachoma panya sindano, wakaona maumivu yao yanapungua. Walipowapa naloksoni, dawa inayozuia kazi ya afyuni mwilini, utulivu ule ukatoweka. Ikafahamika kwamba sindano huuchochea mwili utoe dawa yake wenyewe ya maumivu, yenye asili moja na afyuni. Panya hajui kama anatibiwa na hana imani na Mchina wala na mganga, kwa hiyo haiwezi kusemwa kwamba alipona kwa kuamini.

Hata hivyo safu hii haiuzi sindano. Mwaka 2006 watafiti watatu walikusanya majaribio yote waliyoweza kuyapata kuhusu tiba hii kwa wanyama, wakahitimisha kwamba ushahidi hautoshi kuipendekeza wala kuikataa, kwani majaribio mengi yalikuwa madogo na dhaifu. Wajibu wetu ni kulieleza hilo. Sindano haiungi mfupa uliovunjika, haiondoi saratani, wala haichukui mahali pa dawa iliyothibitishwa. Mtu atakayekuja na boksi la sindano na kudai kwamba atamrudishia punda ujana wake, afukuzwe. Tunachokisema ni kwamba kwa mnyama mzee mwenye magoti na kiuno vilivyochoka, katika shehia ambayo duka la dawa za mifugo liko mbali na dawa yenyewe mara ipo mara haipo, bwana mifugo aliyefundishwa vizuri na mwenye sindano safi mfukoni ana kitu cha kufanya badala ya kusimama na kutikisa kichwa. Wazee wetu nao walikuwa na kitu cha kufanya: waliumika kwa pembe, na mnyama anayechechemea walimchoma kwa chuma cha moto juu ya kiungo. La pili ni maumivu juu ya maumivu, na linapaswa kukoma leo, kukiwa na sindano au kusikuwe.

Kinaya cha mambo ni kwamba nchi hiyo hiyo iliyotoa sindano ndiyo yenye kiu ya ngozi ya punda, inayochemshwa ikawa dawa iitwayo ejiao. Biashara ile iliwamaliza punda wengi Bara la Afrika kwa wizi na uchinjaji wa vichakani, hata wakuu wa nchi za Umoja wa Afrika walipokutana Addis Ababa Februari 2024 wakakubaliana kuupiga marufuku uchinjaji wa punda kwa ajili ya ngozi. Mzee anayemwachia punda wake barabarani na ajue kwamba si magari tu yanayompitia usiku.

Lakini hatujaligusa bado fundo lenyewe, lile lililomlaza punda siku tatu katika jua. Fundo hilo halikuwa ukosefu wa dawa, kwani dawa ilikuwamo ndani ya mkoba wa bwana mifugo. Lilikuwa fundo la hukumu.

Ustadhi hakukosea. Katika vitabu vya fiqhi ya Imam Shafi, ambayo ndiyo madhehebu ya wengi wetu pwani hii, imeandikwa kwamba ni haramu kumchinja mnyama asiyeliwa, hata kwa nia ya kumpumzisha, na mfano unaotolewa hapo ni punda hasa: punda aliyelemaa. Sisi tuliosoma chuoni kabla ya kupelekwa skuli tunajua uzito wa maneno hayo, na hatuko tayari kumcheka mzee aliyeyashika. Wapo maofisa wanaodhani kwamba hoja ya namna hii huondolewa kwa waraka. Haiondoki.

Ila vitabu vile vile vina mlango mwingine, nao unasomwa kwa sauti ndogo zaidi. Imam Nawawi, aliyefariki mwaka 1277 na ambaye kitabu chake Minhaj kimesomeshwa katika misikiti yetu kizazi baada ya kizazi, anaeleza katika mlango wa matumizi kwamba mwenye mnyama ni wajibu wake kumlisha na kumnywesha. Akikataa, hulazimishwa: kwa mnyama anayeliwa, auze, alishe au achinje, kwa asiyeliwa, auze au alishe. Hakuna njia ya tatu hapo, na kumwachia barabarani haimo. Naye Izzuddin bin Abdissalam, mwanachuoni mkubwa wa Sham na Misri aliyefariki mwaka 1262, alipozitaja haki za wanyama juu ya binadamu alianza na matumizi yao, akabainisha kwamba wajibu huo unabaki hata mnyama akizeeka au akaugua kiasi cha kutokuwa na faida tena kwa mwenyewe. Mwanachuoni wa Syria wa karne iliyopita, Mustafa al-Sibai, ameandika kwamba Damascus ilikuwako ardhi ya malisho iliyowekwa wakfu kwa farasi wasiojiweza ambao wenyewe hawakutaka tena kuwalisha, wakikaa humo wakila mpaka kufa kwao. Wakfu! Sisi tuna wakfu za misikiti, visima na minazi. Hatujawahi kusikia ya punda.

Tena zama za ujahili Waarabu walikuwa na desturi ya kumwachia ngamia aende zake, asipandwe wala asichukuliwe na mtu, wakaiona ni ibada. Kurani imeikanusha desturi hiyo katika Sura ya Al-Maida. Kumfungulia mnyama mlango hakukuondolei umiliki wake, na hivyo hakukuondolei mzigo wake.

Kwa hiyo mzee wa shehia ile alikuwa na nusu ya hukumu mkononi. Aliishika ile inayomkataza kuua, akaiacha ile inayomwamrisha kulisha. Nusu mbili zile ziliandikwa zikae pamoja: asiyeruhusiwa kummaliza mnyama analazimika kumtunza mpaka mwisho wake. Zikitenganishwa, kinachobaki ni kile tulichokiona kando ya barabara, mateso yanayofanywa kwa jina la uchamungu. Na hatudhani kwamba kuna mwanafunzi wa chuo asiyejua habari ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa paka aliyemfungia bila chakula, au ya yule aliyesamehewa kwa sababu ya mbwa mwenye kiu. Mtoto wa kopo la maji bila shaka alikuwa anazijua.

Linabaki lile la mguu uliovunjika, pale ambapo hakuna kulisha wala sindano ya kutuliza itakayotosha. Mafakihi wa Kihanafi waliruhusu kumwondoa katika maumivu mnyama asiyekuwa na matumaini, na wapo wanazuoni wa zama zetu, wakiwamo wa Misri, wanaoruhusu vivyo hivyo kwa sharti kwamba ifanyike kwa njia isiyomtesa. Sisi si mamufti wala hatujitwishi kofia hiyo. Tunasema tu kwamba suali hili halifai kuamuliwa na ustadhi mmoja, bwana mifugo mmoja na mzee mmoja, wakiwa wamesimama juani mbele ya mnyama anayetetemeka. Ofisi ya Mufti na wizara inayohusika na mifugo zikae meza moja, zitoe muongozo mmoja, usomwe misikitini na ubandikwe katika ofisi za masheha. Kama muongozo utasema ruhusa, bwana mifugo ajue mipaka yake. Kama utasema hapana, basi nayo Serikali ijue kwamba imejitwisha jukumu la dawa za maumivu na banda la kuwalaza wanyama hao. Lolote litakalosemwa ni bora kuliko kimya.

Kwa upande wa Bara ipo Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008. Mambo ya mifugo si ya Muungano, na visiwa hivi vina sheria zake na wakaguzi wake. Hatuombi sheria mpya juu ya sheria, kwani makabati yamejaa. Tunaomba kwamba kila wilaya awepo bwana mifugo mmoja atakayefundishwa kazi ya kutuliza maumivu, sindano za Kichina zikiwamo. Na kwa kuwa madaktari kutoka China wanakuja na kurudi kila mara, hatuoni ni kwa nini katika mazungumzo ya kuwaleta asiombwe hata mara moja mwalimu wa tiba hiyo kwa wanyama. Tunaomba masheha waandikishe punda kwa majina ya wenyewe, ili siku ya kuulizwa mtu asiseme hakuwa wake. Vijana wa Chama matawini, ambao kila mwezi hufagia barabara, wanaweza kuwa na siku moja ya kupunguza kwato.

Na lipo la maziko, ambalo maofisa hulisahau kwa kuwa si la kupendeza. Mnyama aliyepumzishwa kwa pentobabitali nyama yake ni sumu. Mbwa, paka na kunguru wakila mzoga huo watakufa nao. Ni lazima azikwe, tena kwa kina. Katika mashamba yetu yenye udongo hilo si tabu. Lakini nusu ya visiwa hivi ni mawe ya matumbawe, na kuchimba shimo la punda maweni ni kazi ya watu watano, mitaimbo na siku nzima. Halmashauri zitenge mahali pa kuzikia sasa, kabla ya kuhitajika, badala ya kumwachia mwenye punda aamue usiku, ambapo sote tunajua huamua nini: pwani.

Jambo moja zaidi kuhusu maziko, ambalo tulilisoma tukaliona la ajabu mpaka tulipolishuhudia. Wanaowatunza punda wanasema kwamba mmoja akifa, mwenziwe aachwe akae na maiti kwa muda, amnuse, aondoke mwenyewe. Akinyimwa hilo hutafuta, hulia, huacha kula, na punda anayeacha kula tumekwisha kueleza yanayompata.

Punda yule wa barabarani alikuwa na mwenziwe. Walikokota gari moja kwa miaka mingi kabla ya yeye kuachiwa, na yule wa pili, mwenye nguvu kidogo, akabakishwa. Jumatano jioni, vijana walipokuwa bado wanahangaika na mawe, mzee alimleta yule wa pili kwa kamba. Hakuna aliyemwambia amlete. Punda alisimama juu ya mwenziwe, akamnusa shingoni, akasimama tena, kwa muda ambao vijana waliacha kuchimba. Kisha akageuka.

Wiki iliyofuata mzee alikuja kutuona. Hakuja kulalamika kwamba tunakusudia kuandika, ingawa alikwisha kusikia. Alisema yule wa pili naye magoti yamevimba, kwamba amekwisha kumtoa katika gari, amemwekea majani makavu bandani, na kwamba mkewe humlowekea pumba asubuhi na jioni. Alitaka kujua ni nani katika wilaya hii anayeweza kumchoma zile sindano. Tuliulizia kwa muda wa siku nne. Hayupo.